AN/PRC-77 kwenye gari: miezi minane na redio ya jeshi

Wengi wetu tunaofanya redio ya ridhaa, yaani kuwasiliana kwa redio kama burudani kwa leseni, tukitaka redio ya jeshi ya kufunga kwenye gari, macho huenda kwanza kwa RT-524. Ina spika yake na inarusha wati 35 hivi. Hata mimi niliitamani, ila inataka volti 24 na gari langu ni la volti 12. Ndipo nikanunua PRC-77, redio ya mgongoni ya Wamarekani ya enzi za vita vya Vietnam, na sijajuta.

Umeme ndio uliyonifurahisha zaidi. Redio hii inatumia volti 12.5 hadi 15, na injini ikiwaka gari hutoa karibu 13.8. Nilipitisha nyaya mbili kutoka kwenye betri, nikaweka fyuzi ya ampea 2 karibu kabisa na betri, nikapima chanya na hasi mara tatu kabla ya kuunganisha. Hata ikirusha haifiki ampea moja. Injini ikizimwa muda mrefu volti hushuka na sauti huanza kudhoofika, kwa hiyo nikiegesha najua muda wangu ni mfupi.

Masafa unayapanga kwa vifundo viwili, kimoja cha megahezi, kingine cha kilohezi. Kila hatua unaisikia kidoleni, unahesabu bila kuitazama. Kuna chaneli 920, kuanzia megahezi 30 hadi 75.95, zikipishana kilohezi 50. Hapo pana tatizo: 52.525, ambayo Marekani ndiyo masafa ya kuitana kwa FM kwenye mita 6 (bendi ya ridhaa ya kuanzia megahezi 50), huipati. Inaruka kutoka 52.50 hadi 52.55. Wapenzi wa redio za jeshi kule hukutana 51.00, nami ndipo ninapokaa. Na tafadhali, redio kukubali masafa si ruhusa ya kurusha. Kwenye megahezi 75 kuna vinara vya kuongozea ndege zinazotua. Kaa ndani ya leseni yako.

Jambo lililonisumbua wiki za mwanzo ni sauti. Redio hii hutanua mawimbi karibu kilohezi 10 kila upande, wakati za ridhaa za kisasa hutanua 5. Mwenzangu alinisikia nakwaruza, mimi nilimsikia kwa mbali kama yuko chumba cha pili. Alipoiweka redio yake kwenye FM pana, tukasikilizana vizuri. Kisha kuna swichi ya SQUELCH: ukiiweka hapo, redio inakaa kimya mpaka isikie mlio wa hezi 150. Redio za kisasa zina mlio wa 151.4, na yangu huufungukia bila shida. Nawashauri muuweke.

Antena fupi ya utepe usiitumie ndani ya gari, bati la gari litazuia mawimbi. Nimefunga fimbo ya mita 1.47 juu ya paa, ambayo ni robo ya wimbi kwa 51.00. Kwa wati zisizozidi mbili napata kilomita kumi hivi kwenye tambarare, na nikipanda kilima napata mbali zaidi ya hapo.

Muuzaji aliniambia imejaribiwa. Nilipofungua nilikuta kutu ya kijani kwenye soketi ya pini tano ya mkono wa simu (kile cha kushika cha kusikilizia na kusemea), na waya wake umepasuka. Jioni nzima nilikuwa nasafisha kwa spiriti na pamba. Ukienda kununua, mwambie airushe mbele yako, kwenye mzigo bandia (kifaa kinachopokea nguvu badala ya antena) na kipima wati, usiridhike na mvumo wa spika.

Bado sijapata spika nzuri, ninatumia mkono wa simu tu. Barabarani nasikiliza, nikitaka kujibu, naegesha kwanza.