Bolti za A4 kwenye boti ya alumini: uzoefu wangu

Boti yangu ya alumini inafanya kazi kwenye maji ya chumvi, kwa hiyo nilipobadilisha bolti za viti, vishikio na bano la injini nilichagua stenlesi ya A4, yaani daraja la 316. Nimeridhika nazo, na hata hivyo sizipendekezi peke yake.

Bolti zenyewe hazina shida. Zina molibdenamu asilimia 2 hadi 3, na ndiyo inayozifanya zihimili chumvi kuliko stenlesi ya A2 (304), ambayo huanza kutoa madoa ya kahawia. Anayehitaji kulindwa ni boti. Metali mbili tofauti zikigusana penye maji ya chumvi, umeme mdogo hupita kati yake na iliyo dhaifu huliwa. Hapa dhaifu ni alumini. Unga mweupe hutokea kuzunguka tundu, rangi huvimba, kisha tundu hupanuka na bolti kuanza kucheza. Nafuu ni kwamba bolti ni ndogo na bamba ni kubwa, basi ulaji huenda polepole. Ukifunga bamba kubwa la stenlesi kwa riveti za alumini, riveti ndizo zitakazokwisha, tena mapema.

Ndiyo maana ninayoisifu zaidi ni Tef-Gel, dawa nzito ya kupaka inayotenganisha metali na kuzuia ulaji huo, niliyonunua pamoja na bolti. Naipaka kwenye meno, chini ya kichwa na ndani ya tundu. Kwenye vitu vyepesi naongeza washa ya nailoni. Kwenye bano la injini siiweki, kwa sababu nailoni hubonyea chini ya mzigo na bolti ikalegea. Nilipofungua za injini kukagua, zilitoka kwa spana ya kawaida na matundu yalikuwa safi. Tef-Gel pia inazuia nati ya stenlesi kung'ang'ania bolti yake, jambo linalotokea sana ukikaza kwa mashine. Grisi yenye shaba au grafiti isikaribie kabisa, inaiumiza alumini.

Lalamiko langu: baadhi ya bolti katika pakiti hazikuwa na alama ya A4 kichwani, nikazirudisha. Sumaku haiwezi kukutofautishia 304 na 316, kwa hiyo soma kichwa cha kila bolti kabla ya kulipa.

Chini ya usawa wa maji sizitumii. Huko nataka kuchomelea, au riveti za alumini zilizozibwa ncha.