Karata za kwenye kompyuta: umpe mtoto au umnyime?

Mambo vipi watu wangu, karibuni tena, kama ndo mara ya kwanza gonga subscribe hapo maana leo kuna ugomvi. Wazazi mnanijazia komenti, "dada, karata si kamari hizo, mtoto wa darasa la pili za nini?" Haya, nimefungua Microsoft Solitaire Collection, ule mkusanyiko wa mageme ya karata ya kucheza peke yako kwenye kompyuta, tuimalize hii stori.

Solitaire yenyewe siielezei, mnaijua, ipo tangu Windows 3.0 mwaka 1990, na hapa mjini ukiingia ofisini ghafla lazima kuna mtu anaifunga haraka haraka. Tuiache. Humo ndani kuna nyingine inaitwa Pyramid, hiyo ndo imenimaliza.

Cheki skrini. Karata 28 zimepangwa piramidi, kazi yako utoe mbili mbili zenye jumla ya 13, basi. 9 na 4, zimetoka. A ni 1, J ni 11, Q ni 12, kwa hiyo Q inatafutiwa A, J inatafutiwa 2, K yenyewe ni 13 tayari, unaigonga inaondoka peke yake. Sasa mtoto anayehesabu kwa vidole hapo anafanya nini? Anajumlisha na hakuna aliyemwambia ajumlishe! Na ngoja, mtego huu hapa: nina 8 moja, halafu 5 ziko mbili, hii ya kopa imezikalia karata mbili za juu yake, hii ya shupaza nimeichota kwenye fungu, haijaziba kitu. Utumie ipi? Ya kopa bana, ndo inafungua njia! Na dogo akikosea kuna Undo, anarudi nyuma anajaribu nyingine, hakuna wa kumfokea.

(Samahani kwa hizo bodaboda, maikrofoni mpya nimeichukua Kariakoo juzi, niambieni kama sauti iko poa.)

Sasa kinachonikera… eeh, lenyewe hilo! Tangazo. Umemaliza raundi, kaa uangalie video kwanza, na hujui litakuja la nini na mtoto yuko sebuleni peke yake. Wanataka ulipie Premium yaondoke. Kila mwezi, kwa karata? Hapana aisee. Mi nazima intaneti tu, Pyramid inaendelea, video ije kwa njia gani sasa.

Kuhusu kamari, mageme ya karata ya kwenye simu yenye masarafu na gurudumu la bahati hayo nayaogopa kweli, yanamzoesha mtoto kuweka dau. Hapa hakuna dau… au niseme karibu hakuna, maana Klondike, yaani ile Solitaire yenyewe mnayoijua, ukienda kwenye mipangilio kuna kuhesabu pointi kwa mtindo wa Vegas, unaanza na deni la dola 52 za kuigiza. Hiyo weka Standard, pointi za kawaida, umalize. Spider nayo, geme nyingine ya humo humo, muwekee ya aina moja ya karata, ya aina nne hata mimi inanitoa jasho.

Kwa hiyo darasa la pili mpe Pyramid, mtandao umezimwa, FreeCell, nyingine ya humo ndani, asubiri akue kidogo. Jumamosi niko live tunacheza hiyo FreeCell, mwenye mtoto aliyenishinda amlete tu, namngoja.