Uniting Voices Chicago: kwaya ya watoto, kwa jicho la mama wa Hyde Park

Wazazi wenzangu mnaouliza mtoto aende wapi baada ya shule, binti yangu yuko Uniting Voices, kwaya ya mtaa wa Hyde Park hapa Chicago. Wenyeji wa zamani bado wanaiita Chicago Children's Choir. Jina lilibadilishwa 2022.

Mimi nimekulia kwaya ya kanisa la Kilutheri (KKKT) kule Machame, Tanzania, noti za do-re-mi zimeandikwa ubaoni na mwalimu ana fimbo, kwa hiyo si mwepesi wa kusifu. Kwaya tuliyoanza nayo, jina silitaji, watoto waliwekewa muziki wa simu wakawa wanaufuatisha tu. Hapa mtoto anasoma noti. Wangu aliitaka sauti ya kwanza, maana ndiyo inayosikika. Wakamsikiliza, wakampeleka ya pili. Alinuna! Siku hizi nikiimba jikoni nikatoka kwenye ufunguo, yeye ndiye ananirudisha.

Kwaya yenyewe ilizaliwa 1956 hapahapa, katika kanisa la Waunitariani, dhehebu la mrengo huria. Mchungaji Christopher Moore alitaka watoto weusi na weupe waimbe pamoja, katika mji ambao hata mitaa ilikuwa imetengwa kwa rangi. Kutoka kikundi hicho cha kanisani leo ni maelfu ya watoto: wengi wanaimbia shuleni kwao, wengine kwaya za mitaa kama yetu, na juu kabisa Voice of Chicago, vijana waliochujwa, wanaosafiri hadi ng'ambo. Josephine Lee alishika uongozi wa muziki 1999. Ninachowapa heko ni kwamba wamekua bila kutuacha. Mazoezi bado yako mtaani.

Msikose tamasha lao la Paint the Town Red, Millennium Park, majira ya kuchipua. Jukwaa zima linakuwa jekundu kwa watoto, na wakiingia pamoja kwenye kiitikio hata mimi wa fimbo nilitafuta leso. Bebeni blanketi, upepo wa ziwani hauna adabu.

Ada ipo, na msaada wa ada upo. Ulizeni mapema, msione haya. Ila mtoto asiyeweza kusimama akirudia mistari miwili mpaka ikae, msimpeleke. Mdogo wake binti yangu ni wa aina hiyo. Yeye tumempeleka mpira.