Kozi ya CFSC ya Kanada: nani amfundishe mwenye bunduki?

Kanada huwezi kupewa leseni ya bunduki kwa sababu tu mjomba anasema kijana anaijua kazi. Utapita kozi ya usalama wa silaha, CFSC, na tangu 2015 hata mwindaji mzoefu, kwa kawaida, hafanyi mtihani bila kukaa darasani. Mtaala ni wa polisi wa taifa, RCMP. Majimbo yanasimamia, wakufunzi waliothibitishwa wanafundisha. Mpango huu ndio nguvu ya kozi: muuza bunduki hana kauli juu ya nini kifundishwe.

Kiini cha darasa ni hatua 5 zinazokaririwa kwa neno PROVE, herufi za kwanza za hatua hizo kwa Kiingereza: elekeza mtutu upande ulio salama zaidi, toa risasi zote, chungulia chemba (pale risasi inapokaa tayari kufyatuliwa), kagua njia ya risasi kutoka magazini (kihifadhi cha risasi), kisha angalia ndani ya mtutu kama kuna tope, barafu au kitambaa kilichosahaulika.

Hapa ndipo wengi huchemsha, kwenye nusu-otomatiki hasa, bunduki inayojipakia yenyewe risasi inayofuata. Mwanafunzi anavuta bolti, kipande kinachofunga chemba, kabla ya kuchomoa magazini. Risasi ya chemba inaruka nje, anaiona, anaridhika. Kumbe bolti ikirudi imebeba nyingine. Anachomoa magazini, anatangaza bunduki tupu, na chemba ina risasi. Magazini kwanza, chemba baadaye. Kama kuna giza, bolti ikiwa imezuiwa nyuma, papasa kwa kidole.

Somo la risasi nalo limepikwa vizuri. Risasi ya marisau ya geji 20, ambayo ni nyembamba kuliko ya geji 12, ikitumbukizwa kimakosa kwenye bunduki ya geji 12 inateleza kupita chemba na kunasa mtutuni. Mpigaji anabonyeza triga, kimya. Anadhani alisahau kupakia, anatia ya geji 12 nyuma yake: mtutu unapasuka. Ndiyo maana maganda ya geji 20 hutengenezwa ya njano. Na risasi ikigoma, mtutu unabaki upande salama sekunde 60 kabla ya kufungua, maana baruti huweza kuchelewa kushika moto.

Mtihani una nadharia na vitendo, na kila upande unataka asilimia 80. Lugha ni Kiingereza au Kifaransa. Mkongomani aliyesoma Kifaransa asijitese na Kiingereza.

Mapungufu? Silaha za darasani zimezimwa zisiweze kufyatua na risasi ni za bandia, kwa hiyo mtu anahitimu bila kuonja kitako kikimpiga bega. Hilo tunaliachia klabu za kulenga shabaha, na mhitimu aende huko kabla ya kwenda porini. Pengo kubwa zaidi liko nyumbani. Mwenye leseni anafundishwa kuhifadhi bunduki bila risasi, ikiwa na kufuli ya triga au ndani ya kabati lililofungwa. Vijana wa miaka 12 hadi 17 wana leseni yao. Lakini mke asiye na leseni, au mtoto wa miaka 7 anayejua ufunguo unawekwa wapi, hana darasa. Jukumu ni la mwenye bunduki, na kozi haimwonyeshi aanzie wapi.

Ukijiandikisha, uliza kwanza wanafunzi wangapi kwa meza moja. Bunduki za mafunzo ni za bolti, pampu, lever (wenzo), za kukunjwa katikati na nusu-otomatiki. Pale ambapo hutashika zote kwa mikono yako, tafuta darasa jingine.