Fundi wa vyerehani aliyeniambia Singer yangu nikaiuze kwa kilo

Naanza na hukumu ili asiyependa maneno mengi aondoke mapema: nyota moja. Hiyo moja ni ya mikono yake. Mdomo wake haupati kitu.

Jina lake silitaji. Wanaoshona hapa Mwanza wengi watamjua bila jina. Yupo vichochoro vya upande wa Mlango Mmoja, kibanda cha mabati, na mlangoni amepanga vichwa vya cherehani kuukuu vilivyopakwa rangi nyeusi upya. Vichwa hivyo msivisahau, nitavirudia.

Mimi nashonea Mabatini, barazani kwangu. Sare za shule, magauni ya vitenge, kupunguza suruali za mitumba. Cherehani yangu ni Singer nyeusi ya kukanyaga kwa miguu, yenye maua ya dhahabu yaliyofutika nusu. Niliinunua kwa mzee mmoja wa Sengerema aliyeacha kushona kwa sababu ya macho. Namba yake inaanza na herufi E, maana yake ilitoka kiwanda cha Clydebank, Scotland. Imenilipia ada za watoto, na sijawahi kuidai zaidi ya mafuta na sindano.

Ikachagua kuharibika shule zikikaribia kufunguliwa, wakati kila mzazi amekwishalipa nusu na anapita jioni kuuliza "vipi, mama, tayari?" Kwanza ikawa inaruka mishono kwenye sketi za bluu, pale kiunoni marinda yanaporundikana. Nikabadilisha sindano, maana hilo ndilo la kufanya kabla hujamlipa mtu yeyote. Sindano butu, au iliyopinda kidogo tu, au iliyoingizwa kinyume, inaruka mishono hata kwenye cherehani iliyotoka dukani jana. Ikatulia. Ikarudia. Chini uzi ukawa unajikusanya mafundo. Halafu katikati ya mshono, ka! Sindano ikakatika na gurudumu likagoma, mbele haliendi, nyuma haliendi.

Nikakifungua kichwa kutoka mezani. Kile ni chuma cha kumimina, si mchezo. Kijana wa bajaji aliniuliza kama nimebeba injini.

Sasa njooni kibandani. Nimefika nikasema, "Habari za kazi, baba." Mimi ni mkubwa kwake, shikamoo ilikuwa juu yake, ila mwenye shida hasubiri adabu ya mtu. Kimya. Jamani, hapa ni Usukumani! Huku mtu unamsalimia hata kama mna kesi. Mwadila kwanza, ugomvi baadaye. Yeye akanyoosha kidole sakafuni.

"Weka hapo."

Nikaweka. Akalijaribu gurudumu kwa mkono mmoja, mwingine una simu. Hakukigeuza kichwa kuangalia chini, hakufungua kifuniko, hakuuliza ilianzaje. Akasema, "Mama, hii imekwisha. Shafti imelika, taimingi imehama. Kauze kwa kilo."

Kwa kilo! Vijana wake wakacheka. Yule mdogo alijaribu kuficha, lakini nilimwona.

Nikamuuliza kwa upole, bado nina upole wakati huo, kama hakuna spea za kubadilisha. Akajibu, "Kiwanda chenyewe kilishakufa, spea utazifukua wapi?" Ni kweli Clydebank ilifungwa mwaka 1980. Lakini hiyo ni nusu ya habari, na mtu anayekupa nusu ya habari akiwa anaijua yote ana lake. Butterfly nyeusi ya China, hii iliyojaa barazani kwa mafundi wa nchi hii, imefuata umbo la Singer ya modeli 15, na yangu ndiyo hiyo 15. Bobini ya Butterfly, kile kigurudumu cha uzi wa chini, inaingia kwangu. Sindano yangu inaingia kwake. Vifaa hivyo vinauzwa hadi kwa wauza nyuzi na vifungo. Mtu anayeshinda akifungua vyerehani hawezi kukosa kulijua hilo.

Kisha akaongeza, bila kuniangalia: "Lakini kwa kuwa umeshapoteza nauli, nikupe elfu thelathini uiache."

Hapo ndipo nilipogeuka nikaviona vizuri vile vichwa vya mlangoni. Vyeusi, vinang'aa, kila kimoja na karatasi ya bei. Muuza skrapa asingenipa hata nusu ya hiyo elfu thelathini kwa uzito ule. Kama imekwisha, wewe unainunua ya nini? Sikumuuliza. Nilimwita kijana wa bajaji, nikabeba kichwa changu nikaondoka, na njia nzima mpaka Mabatini nilikuwa najibishana naye peke yangu kwa sauti.

Watu wanaulizana sana: nitengeneze au ninunue mpya? Wanaitazama cherehani. Mimi nasema mtazame kwanza unayemuuliza, anauza nini. Huyu alikuwa ametengeneza biashara ambayo ubovu wa cherehani yako ni mali yake. Akikutengenezea anapata ujira wa siku. Akikukatisha tamaa anapata kichwa kizima cha Singer.

Nikasema basi, nipande mjini nikaangalie mpya. Duka zuri, feni, viti. Kijana wa pale, heshima mpaka basi: shikamoo mama, karibu mama, kaa mama, maji ya baridi mama. Baada ya yule wa mabati nilikaribia kulia. Akanitolea cherehani ya umeme ya mezani, nyeupe, ina mishono ya maua ambayo mzazi wa Mabatini hajawahi kuniomba. Nikaiinua kwa mkono mmoja. Nikamuuliza gia za ndani ni za chuma au plastiki, akasema "ni original, mama." Nikamwomba akunje kitambaa kizito mara nne ashone nione. Akaanza kuhangaika kutunga uzi. Alihangaika mpaka nikaona haya kwa niaba yake, nikautunga mimi.

Nyingi ya hizi nyepesi zina gia za plastiki, na kwa mtu wa mapazia ya nyumbani au gauni lake mwenyewe hazina ubaya. Mimi nashona marinda kutwa. Gia ikisagika, hiyo ndiyo ya kupeleka kwa kilo, ila kilo zenyewe hazipo. Na umeme ukikatika nitamwambia nini mzazi, kwamba miguu yangu imekatika pia? Kijana alipoona nasita akasema, "Hiyo ya zamani mama achana nayo, itakusumbua." Hajaiona! Haijui hata rangi! Mmoja ameiona na anaitaka, mwingine hajaiona na ana ya kuniuzia, na wote wawili hukumu yao ni moja. Heshima ya dukani nayo nikaanza kuitilia shaka, ingawa maji niliyanywa.

Usiku nikawa naazima cherehani ya jirani akishafunga kazi. Mgongo nao una habari zake, tuyaache hayo.

Nikaulizia mafundi wenzangu, wa Kirumba, wa Igoma, nani mwingine anaweza. Kila mmoja jibu lile lile, na wote wanalisema wakitabasamu kama watu waliokwishatukanwa: "Nenda kwa yule wa Mlango Mmoja. Ana mdomo, lakini mkono anao."

Nikarudi. Safari hii sikumwuliza kama ni nzima au mbovu. Kabla sijaondoka nyumbani nilikuwa nimelishika gurudumu nikalivuta na kulisukuma kwa ubavu. Shafti iliyolika inacheza, na yangu haichezi hata kidogo. Mwili haujapasuka popote. Nikamwambia, "Kijana, geuza kichwa, fungua chini, mimi nakaa hapa naangalia." Akataja elfu ishirini na tano ya ufundi, spea mbali. Nikakaa kwenye ndoo.

Na hapa inabidi niseme ukweli, ingawa unaniuma kuuandika. Alipoweka simu chini, yule alikuwa mtu mwingine. Akatoa kikombe cha bobini, akaitoa ndoano inayodaka uzi kule chini, akapitisha sumaku ndani ya mfereji wake, ikatoka na kincha cha sindano kilichokatika. Hicho ndicho kilichokuwa kimekaba gurudumu. Kincha! Ndiyo "imekwisha" yake hiyo. Akaipitisha ndoano kwenye kidole gumba, akapata mkwaruzo uliokuwa unakata uzi, akausugua kwa msasa laini mpaka ukateleza. Kisha akafungua kifuniko cha ubavuni, akalegeza skrubu ya kile chuma kinachoshika sindano, akakishusha kidogo sana, unene wa ukucha. Kilikuwa kimepanda. Ndoano inatakiwa kudaka kitanzi cha uzi pale sindano inapoanza kuinuka, na chuma hicho kikipanda hivyo inakikosa kitanzi, mshono unaruka. Hakupima kwa chochote. Alizungusha gurudumu polepole, jicho moja amefumba, akakaza.

Akachukua kipande cha kitambaa changu cha bluu, akakunja mara nne, akapitisha. Mshono umenyooka juu na chini, hakuna kilichoruka. Akakunja tena, mara sita nafikiri. Ukapita! Ile sauti ya Singer iliyotulia, nyie mnaoshona mnaijua. Nilitaka kumkumbatia. Nyota nne, nikasema moyoni, tano hata, na salamu tumsamehe, mtu mwenye jicho la hivyo asalimie ya nini?

"Elfu thelathini na tano," akasema. "Kumi ya spea."

Spea ipi? Mimi nimekaa kwenye ndoo muda wote. Sumaku, msasa, skrubu. Hakuna kilichofunguliwa kutoka pakiti. Akasema, "Mama, kazi ya fundi haihesabiwi hivyo." Nikalipa, kwa sababu sketi zinanisubiri na furaha inafungua pochi.

Nyumbani nikaweka bobini ndipo nikaona. Kikombe cha bobini si changu. Changu kilikuwa kizito, cheusi kidogo pembeni kwa kushikwa miaka yote, skrubu yake imekaa barabara na hailegei. Hiki ni chepesi, cheupe, ukingo wake una makali, na skrubu inalegea kila nikishona kwa kasi, mkazo wa uzi unapotea. Ndipo nikakumbuka yule kijana mdogo, yule wa kucheka, aliyepewa vifaa akavioshe kwa petroli nyuma ya kibanda. Kwa hiyo spea ilikuwepo kweli. Nimelipa elfu kumi ili kitu changu kizima kitolewe.

Labda kijana alichanganya. Lile kopo la petroli lina vikombe vingi, na mtoto wa kazi anaweza kuokota chochote. Labda. Ningeamini hivyo kama isingekuwa ile elfu kumi, maana mtu haandiki bei ya kosa la kopo.

Nikampigia. Akasikiliza mpaka mwisho, hilo nampa. Kisha akasema, "Mama, si inashona?"

Inashona! Ndiyo inayonichoma. Sare zote zimetoka, wazazi wameshukuru, mshono mzuri kuliko mwaka jana. Nikisema asiendewe nitakuwa nawanyima watu mkono ambao sijauona kwa mwingine hapa mjini. Nikisema aendewe, kesho atamwambia mjane mwingine akauze kwa kilo, na huyo hatakuwa na ukaidi wa kurudi. Ataacha urithi wake mlangoni pale kwa elfu thelathini, na wiki ijayo utakuwa umepakwa rangi na kubandikwa bei. Nyota moja nayo naona ni nyingi.

Basi anayetaka kwenda aende, lakini hivi. Ubovu wa cherehani yako usimwulize yeye. Ujue kabla hujatoka nyumbani. Piga picha kila kifaa, chini na juu, kikombe cha bobini na namba zake. Vifaa visiende nyuma ya kibanda, vioshwe mbele yako hata kama utanukia petroli hadi jioni. Spea akitaja, akuonyeshe ya zamani na mpya mkononi. Na asipojibu salamu, rudia, kwa sauti, mpaka vijana wake wageuke. Mimi nitarudia yangu Jumamosi nikienda kudai kikombe changu, na hicho chake chepesi nakipeleka nikamrudishie, na elfu kumi yangu naitaka taslimu.