Kuhamisha mikanda ya MiniDV ya utoto wa wanangu: uzoefu wangu

Wazazi wenzangu mlio na kasha la mikanda midogo ya video juu ya kabati, haya nawaandikia ninyi. Kamera yetu ni Sony Handycam, baba watoto aliileta kutoka Dubai mwaka 2003, mkubwa wetu akiwa anatambaa. Tangu hapo niliwarekodi: hatua za kwanza, nguo mpya za Idd, siku ya kuanza darasa la kwanza, ugomvi wa rimoti. Mshika kamera ni mimi, kwa hiyo humo sionekani, nasikika tu.

Duka la kwanza nililopeleka, hapa hapa Tanga, walinirudishia DVD. Picha imefifia, na mtoto akikimbia uso unakatika vijisanduku. Fundi alikuwa amechomeka zile nyaya tatu, wa njano, mwekundu na mweupe, akarekodi kilichotoka. Mkanda wa MiniDV hauhitaji hayo, maana tayari ni wa kidijitali. Kinachotakiwa ni kunakili data kama ilivyo kwa waya wa FireWire, unaotoka kwenye kamera moja kwa moja hadi kwenye kompyuta. Kwenye kamera za Sony tundu lake huandikwa i.LINK au DV. Mkanda wa saa moja hutoa kama GB 13. DVD ya kawaida inabeba GB 4.7, hivyo lazima video ibanwe, na ikishabanwa hakuna fundi wa kuirudisha ilivyokuwa.

Aliyeniokoa ni kijana mwenye studio ndogo Kariakoo. Anaitunza kompyuta ya zamani kwa sababu ya tundu la FireWire tu, maana za siku hizi hazina. Kabla ya kuanza alikagua mkanda mmoja mmoja kwenye mwanga. "Mama, huu una kuvu. Siuingizi kwenye mashine mpaka niusafishe, utachafua hedi, kile kichwa kinachosoma mkanda, na mingine yote iharibike." Sisi watu wa pwani tunaujua unyevu wetu. Fundi atakayeingiza mikanda yako bila kuitazama, chukua mzigo wako uondoke.

Alinitoza shilingi 10,000 kwa mkanda, diski ya kuhifadhia faili nikanunua mwenyewe. Kwa kasha zima ni fedha, lakini mkanda hauharakishwi: wa saa moja hucheza saa moja. Nililipa kwa moyo mweupe.

Kilichonifurahisha kuliko vyote ni tarehe. MiniDV huhifadhi siku na saa ndani ya data yenyewe, hata kama hukutaka zionekane kwenye picha. Programu anayotumia, WinDV, ni ya bure, nayo hukata faili kila pale kamera ilipozimwa na kulipa jina la tarehe yake. Kwa waya wa njano haya yote hupotea. Sasa naijua hata saa ambayo mwanangu wa pili alisimama bila kushikwa. Halafu sauti! MiniDV haiibani sauti, na ndiyo maana marehemu mama yangu anasikika wazi akimwita mjukuu wake kwa jina ambalo hakuna mwingine aliyewahi kumwita. Nililia, sifichi.

Mkubwa yuko Muscat, naye akataka vipande kamili. Nilivituma WhatsApp kama dokumenti ili visibanwe. Mwisho ni GB 2, yaani kama dakika tisa za video hii, basi nikamkatia.

Tusidanganyane kuhusu ubora. Picha ni 720 kwa 576, kwenye tivii kubwa inaonekana ya zamani, na penye mwendo kuna vimistari. Kuna programu za akili bandia za kung'arisha, shemeji alinijaribia moja. Uso wa binti yangu ulirudi laini kama wa mtoto wa kwenye tangazo la sabuni, kovu la kidevuni limefutwa. Sitaki. Yule si mwanangu.

Bado mikanda ya VHS ya harusi yetu. Hiyo si ya kidijitali, FireWire haina kazi hapo, inahitaji deki nzima, na Funai ya Japani, kampuni ya mwisho kuzitengeneza, iliacha mwaka 2016. Kijana wa Kariakoo anasema deki yake moja bado inacheza vizuri. Nimeshaweka nafasi ya mwezi ujao.