Nimemaliza nchi mbili za watu bila pancha, nikaja kuua matairi nyumbani

Matairi mawili. Yote ya kushoto, la mbele na la nyuma, kwa shimo moja. Na shimo lenyewe halikuletwa na mvua wala malori. Lilichimbwa na watu wanaolipwa kulichimba, wakaliacha wazi, wakaenda kulala. Nitafika huko, ila ngoja kwanza nipumue, maana nikianzia hapo nitaandika tusi.

Sisi ni watu wa Mwanza. Mdogo wangu yuko Kigali kikazi, na mdogo wa mke wangu ameolewa Kampala. Juzi juzi, kabla masika hayajakolea, tukasema tuwatembelee wote kwa mzunguko mmoja: tutokee Rusumo, tupite Kigali, Kabale, Mbarara, Kampala, turudi kwa Mutukula na Bukoba. Gari ni Noah yetu ile ile. Abiria watatu: mimi, mke wangu, na baba mkubwa wake, mzee aliyeendesha malori ya pamba enzi za ushirika na ambaye mpaka leo haamini kwamba mimi najua kuendesha.

Wataalamu wana kipimo chao cha ulaini wa barabara, kilichotokana na majaribio ya Benki ya Dunia kule Brazil mwaka 1982. Kinahesabu gari limerushwa mita ngapi kwa kila kilomita moja. Mzee ana kikombe cha bati. Gari likiwa kwenye mwendo anasema, "Mama, hebu nimiminie." Mke wangu anamimina chai kutoka kwenye chupa, mzee anakipeleka kikombe mdomoni polepole kama anabeba yai. Suruali ikibaki kavu, barabara imefaulu. Ikilowa, haongei. Ananiangalia tu kwenye kioo, mimi, kana kwamba lami niliimwaga mwenyewe.

Kutoka Mwanza hakuna cha kulalamikia. Daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, limetuondolea ile adha ya kukaa foleni ya kivuko na wauza samaki wakikugongea kioo. Juu ya daraja lile chai haikutikisika hata kidogo, mzee akaomba ya pili. Ukishavuka, shida ya kwetu inakuwa matuta. Kila kijiji kina matuta, na kabla ya matuta kuna rasta, na baada ya rasta kuna askari kakaa chini ya mwembe na tochi ya kupimia mwendo. Ukiona madereva wa mbele wanakuwashia taa, unashuka 50 haraka, vinginevyo ni 30,000 hizo. Lakini lami yenyewe haikunisumbua, mpaka tulipoanza kuongozana na malori yanayoelekea mpakani. Hapo unaona mawimbi: njia mbili za magurudumu zimedidimia, katikati kumenyanyuka, na gari dogo kama langu linatangatanga kati ya mabonde hayo kama mlevi. Suruali ya mzee ililowa mara mbili kabla ya Rusumo.

Sasa Rwanda. Ukivuka daraja la Rusumo unahamia kulia, na kwa nusu saa ya kwanza mwili wote unakataa. Usukani wangu uko kulia, kwa hiyo kila nikitaka kulipita lori sioni kitu ila turubai. Mke wangu ndiye akawa macho yangu. "Bado. Bado. Kuna pikipiki. Haya, pita! Aa, usipite!" Tumeoana miaka mingi na sijawahi kumtii namna ile.

Ila lami! Nilisimamisha gari nikashuka kuitazama, mke wangu akadhani nimeumwa. Nilichokuwa natazama si lami hasa, ni mtaro. Pembeni mwa barabara kuna mtaro uliojengwa kwa mawe, umesafishwa, hauna chupa wala majani, maji ya mlimani yanashuka ndani yake badala ya kutembea juu ya barabara. Siri iko hapo. Adui wa lami ni maji yanayopenya chini yake. Msingi ukilowa, lori likapita, lami inapasuka, kesho kuna kishimo cha kutosha kuku, wiki ijayo kinatosha mbuzi. Wenzetu wana milima mitupu, maji yanawashukia kwa kasi kuliko sisi, na bado barabara inabaki kavu. Mzee alikunywa vikombe vinne mpaka Kayonza. Usiku ule ule kwa mdogo wangu nikaandika kwenye simu: Rwanda nyota tano, wengine wote wakajifunze.

Kesho yake nikaziondoa mbili. Kwanza mwendo. Unaenda 60 kwenye barabara ambayo ingekubeba 100 bila kelele, kwa sababu kuna kamera, wenyewe wanaziita Sofia, na huyu Sofia hapepesi macho wala hasikilizi kwamba una mgonjwa. Unapewa kitanda kizuri halafu unakatazwa kulala. Pili, mitaa ya ndani ya Kigali mingi imetandikwa mawe. Inapendeza kwenye picha, haina vumbi, lakini kikombe cha bati kikiwa njiani kwenda mdomoni kinakugonga meno. Mzee aligongwa. Ikabaki nyota tatu, baadaye nikairudishia moja kwa ajili ya ule mtaro.

Uganda niliingia nimeshaiandikia hukumu mfukoni. Nani hakuona yale maonyesho ya mashimo ya Kampala mwaka 2023, wananchi wakirusha picha mitandaoni, kila mtu na shimo la mtaa wake? Nilijiandaa kuzama. Kumbe kutoka Katuna kwenda Kabale mpaka Mbarara tuliteleza, kona baada ya kona, matoke pande zote, mzee akanywa chai akasinzia, kitu ambacho hakufanya Rwanda. Kule Lwera barabara inakatiza kwenye matete na maji yako karibu nawe kushoto na kulia, nikaendesha kwa adabu, lakini tulipita.

Kampala ni kweli. Sitaitetea. Mtaa anaokaa shemeji yangu una mashimo mekundu yenye maji ya rangi ya chai ya maziwa, na shimo la mlangoni kwao wenyeji wameshalizoea hata wanaelekezea wageni: "ukifika kwenye lile shimo kubwa, kata kushoto." Lakini angalieni jambo hili, maana ndilo nililokuja kusema. Siku nne ndani ya Kampala sikupata pancha. Hata moja. Kwa nini? Kwa sababu barabara mbaya inakwambia ukweli kwamba ni mbaya. Unaingia namba moja, unapinda huku, unapinda kule, boda zote zinapinda kwa mpangilio kama zinacheza ngoma, na shimo la jana liko pale pale lilipokuwa jana. Hakuna anayekudanganya.

Aliyenidanganya ni lami nzuri.

Tuliingia Mutukula mchana, mke wangu akashusha pumzi kwa sauti, "Sasa tuko kwetu." Lami imenyooka, nyeusi, mistari myeupe inaonekana. Mzee chai tatu mfululizo. Sehemu tuliyoharibikiwa siitaji, wala mkandarasi simtaji, yeye anajijua. Ilikuwa inakaribia saa moja jioni, manyunyu. Nilikuwa 80. Labda 90, sitabishana. Mbele ya taa zangu lami inang'aa kwa maji, laini kama sahani.

Kwaa! Kwaa!

Mara mbili, haraka, kama mtu anabisha hodi kwa nyundo. Chai yote kifuani kwa mzee. Nilipolituliza gari nikarudi kwa miguu na tochi ya simu, nikaliona. Mraba. Mraba kamili, kila upande karibu hatua mbili, kingo zimekatwa wima kwa mashine kama keki ya harusi, kina cha kiganja, na maji yamelijaa mpaka usawa wa lami. Hata ungekuwa na macho ya tai usingeliona. Shimo la kawaida lina miteremko, gurudumu linaingia linatoka. Hili lina ukuta. Kule mbele miraba mingine minane, nimeihesabu. Hakuna koni, hakuna utepe, hakuna hata tawi la mti. Dereva wa lori akiharibikiwa, kitu cha kwanza utingo wake anakata majani anayapanga barabarani. Utingo! Mtu asiye na ofisi wala koti la kung'aa anajua kukata tawi.

Tairi la spea lilikuwa moja, mashimo ya matairi yalikuwa mawili. Tukalala ndani ya gari. Mzee na shati lenye chai hakusema lolote usiku kucha, na afadhali angesema.

Asubuhi likaja pikapu, akashuka msimamizi na kiti chake cha kukunja. Nikamsalimia vizuri, nikamwonyesha matairi. Hakuyaangalia.

"Kibao hukukiona?"

"Kibao kipi, kaka?"

"Kile pale."

Nikageuka. Kibao kweli kipo. Kile cha pembe tatu, cha mtu anayechimba. Kimelazwa juu ya madumu mawili kando ya barabara na juu yake kuna sufuria ya maharage na vikombe vya vibarua. Ndiyo meza yao ya kulia.

Nikamwambia, "Kaka, ile ni meza."

Akacheka. Halafu akasema neno ambalo nalisikia mpaka leo nikifunga macho: "Nyie ndivyo mlivyo. Barabara isipotengenezwa mnalalamika, ikitengenezwa mnalalamika. Magari mangapi yamepita hapa usiku, ni la kwako tu halikuona?" Akafungua kiti chake akakaa, mgongo kwangu.

Mke wangu alinishika mkono. Mzee ndiye aliyemsogelea, akasimama mbele yake na lile shati, akamwambia taratibu, "Mwanangu, mimi nimepita barabara hizi zikiwa za udongo. Sikuwahi kulala njiani." Yule msimamizi hakutoa hata shikamoo. Hapo ndipo nilipofuta nyota zote za Tanzania, daraja na kila kitu.

Kibarua mmoja, kijana mdogo, ndiye aliyenitafutia boda wa kupeleka tairi kwa fundi, na akaniletea chai. Huyo alinieleza kazi yenyewe. Shimo huwezi kulijaza lilivyo, kiraka kitatoka kwa mvua moja. Lazima ukate mpaka upate ukingo mzima, ulionyooka, ufagie vumbi, upake lami ya maji ili kiraka kishike, umwage lami ya moto, ushindilie. Inatakiwa ikatwe na kujazwa siku ile ile. Lakini gari la lami lilikuwa limekwama, na lami ya moto haisubiri, ikipoa njiani ni ya kutupa. Mvua nayo ikija hawamwagi. "Kwa hiyo tulikata, tukasubiri." Muda gani? Akatazama pikapu kwanza. "Siku tisa, mzee."

Siku tisa.

Nikiwa nimetulia nasema haki iko upande wa barabara zetu. Rwanda yote inaingia ndani ya Tanzania mara zaidi ya 30. Mzigo unaofika Rusumo kutoka bandari ya Dar es Salaam umekwisha kanyaga lami yetu zaidi ya kilomita 1,200, juu ya malori yanayoruhusiwa kufika tani 56. Wamarekani walijaribu jambo hili kule Illinois mwishoni mwa miaka ya 1950: ukiongeza mara mbili uzito wa ekseli, ule mhimili unaoshika magurudumu, uharibifu unakaribia mara 16. Kwa hiyo ile lami laini niliyoshuka kuitazama, sehemu ya usalama wake tumeulipia sisi, na hilo pia niliwaambia Kigali wakanicheka. Nilifikia hata kuandika kwamba Tanzania inastahili nyota nne kwa kubeba majirani wote hao, Burundi na Kongo ya mashariki wakiwemo.

Halafu nikashika usukani, gari likaanza kutetemeka, nikazifuta tena.

Maana shimo langu halikuchimbwa na tani 56. Ekseli haikuhusika. Ni kibao tu, kibao cha bati kilichotakiwa kusimama. Kenya siiweki kwenye hesabu hii, niliwahi kuipita ndani ya basi la usiku nimelala, na pengine hiyo ndiyo sifa kubwa kuliko zote nilizoandika hapa.

Tairi moja fundi alilishona, nalo likapasuka kabla ya Geita, nikanunua mawili mapya nilipofika. Rimu ya mbele aliigonga kwa nyundo juu ya gogo mpaka ikakaribia duara, lakini ukipitisha kidole ndani unakuta imebonyea pale pale, na kuanzia 80 usukani unacheza mikononi. Kwa hiyo siku hizi naendesha 60 kila mahali, kama niko Rwanda. Kama kuna mwenye rimu moja ya Noah, inchi 15, tundu tano, iwe ya chuma iwe ya aloi, hata ikiwa na kutu, aseme bei.